Miti Niliyokunyima

Mwanangu Mwita, mzaliwa wangu wa kwanza,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizia hali. Yako siiulizi, naijua. Umelala pale upande wa migomba, karibu na baba yako, na mkeo Robi amekupandia maua ya njano ambayo mbuzi wa jirani wameshayala mara mbili. Hali yangu ndiyo hujaambiwa. Kwa hiyo nimechukua daftari, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, na Robi ameahidi kwamba yeyote atakayekuja atamwambia Mama ana shughuli.

Mwandiko unaujua. Darasa la saba la wakati wetu halikuwa la mchezo, na mwalimu alikuwa ananiita mimi kuandika tarehe ubaoni kwa sababu herufi zangu zilisimama wima kama askari. Nayasema haya usije ukafikiri nimeandikiwa na mtu. Kila neno ni langu. Na barua hii nimeomba isomwe na wengine pia, kwa sababu watu wamesema maneno mabaya juu yako, na mimi nilikuwa na jibu lao mdomoni nikalimeza. Nataka jina lako lirudi safi kama lilivyokuwa. Hilo ndilo ninaloandikia.

Lakini acha kwanza nikusifu, kazi hiyo siwezi kumwachia mtu mwingine.

Ulizaliwa na kilo nne na nusu. Muuguzi alikubeba akazunguka nawe wodi nzima akiwaonyesha kina mama wengine, na mimi nikiwa nimelala hoi nikamwambia amrudishe mtoto, huyo siyo mali ya serikali. Ulitembea kabla ya watoto wote wa umri wako hapa Nyamwaga. Mama Gati, jirani yetu, anabisha mpaka leo, anasema Gati wake alikutangulia. Gati alikuwa anashikilia ukuta. Kushikilia ukuta siyo kutembea. Na ulipofaulu kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo wa baba yako, siku hiyo nilikwenda sokoni kwa ile njia ndefu inayopita nyumba za watu wote, wakati sikuwa na kitu cha kununua. Nilirudi mikono mitupu na moyo umejaa.

Unakumbuka mlango wa zizi? Kila asubuhi kabla ya kukamua tulisimama pale, mimi na wewe, nikiomba. Nilikuwa naomba kirefu. Naanza na ukoo wetu, nakwenda kwa majirani, kwa wagonjwa, kwa viongozi, narudi kwa ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake. Wewe ulikuwa unasema amina katikati, ukidhani nitadanganyika niishie hapo. Siku moja, huna hata meno ya mbele, ukaniuliza kama Mungu hachoki. Nikakwambia wanaomchosha ni wale wanaoomba kifupi. Ukafikiri, ukasema, "Basi sisi anatupenda sana." Nilicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Baba yako alipofariki alituachia ng'ombe wachache, hiyo nyumba, na ile mikaratusi aliyoipanda pembeni ya shamba la mahindi. Ilikuwa imenyooka, mirefu, na mtu akipita barabarani alikuwa anauliza ni ya nani. Nilipenda sana waulize.

Halafu ikaja rashi ya dhahabu.

Unajua ilivyokuwa, lakini nawaandikia na wale ambao hawakuwepo. Mtu alikuwa anachimba shimo la choo akakuta jiwe linang'aa, na kabla mahindi hayajatoa mbelewele bonde zima lilikuwa limejaa maturubai. Watu walikuja kutoka kila upande, hata kutoka ng'ambo ya mpaka pale Sirari, na Kiswahili chao cha kukuamrisha wakati wanakuomba. Vijana wetu wakaacha majembe. Na wewe, uliyekuwa unangoja ajira tangu ulipomaliza shule, ukaniaga kwamba unakwenda kuanza duara lako na wenzako wawili. Duara ni lile shimo linaloshuka chini mpaka kwenye mwamba. Sikukukataza. Nilijivuna nalo hilo pia. Nilisema mwanangu ana duara, kama mwingine anavyosema mwanangu ana duka.

Ulikuwa mwangalifu. Hilo nataka lisikike vizuri, kwa sababu baadaye walisema vingine. Marwa, rafiki yako, ananiambia hakuna aliyekushinda kwa kuogopa udongo. Kila hatua chache mlizoshuka ulitaka matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisiwaangukie watu. Wenzako walikutania kwamba unaingia chini kama ng'ombe anayevushwa daraja, unanusa kwanza. Na wewe ukawajibu kwamba huyo ng'ombe ndiye anayefika sokoni.

Lakini bonde lote lilitaka matimba. Miti ikakatwa upande huu, ikakatwa upande ule, mpaka kuanzia kwetu kwenda barabara kuu ukawa unaona vichuguu ambavyo hatukujua kama vipo. Iliyobaki imesimama ilikuwa mikaratusi ya baba yako.

Sasa nije kwangu.

Ilianza na duara la kina Marwa, kabla hamjaungana. Lilikuwa linajaa maji kila siku. Marwa akanifuata, akasema, Mama, wewe unaomba, njoo utuombee. Nikavaa gauni langu la kikundi cha akina mama, nikafunga kitambaa cheupe, nikasimama pale kwenye mdomo wa shimo nikaomba mpaka jua likapanda. Ndani ya wiki maji yakapungua. Wewe uliniambia kwa upole kwamba kiangazi pia kilikuwa kimeanza. Nikakukasirikia siku mbili.

Tangu hapo wakawa wananiita Mama Maombi. Walikuwa wananitumia pikipiki kunichukua, na dereva alikuwa anaendesha taratibu kama amebeba mayai. Nikifika, wachimbaji wanavua kofia. Wanaume wazima, Mwita, wenye vifua kama milango, wanainamisha vichwa mbele ya mama aliyeishia darasa la saba. Nilianza kuamini kwamba kazi ile naifanya mimi. Nilikuwa natamka jina la Mungu, lakini masikio yangu yalikuwa yanasikiliza sauti yangu.

Katika siku hizo hizo tukawa tunajenga kanisa. Kuta zilikuwa zimefika juu, paa hakuna. Mchungaji akaitisha harambee. Mama Gati akasimama, akanyoosha kilemba chake, akaahidi bati. Siyo bati moja moja, alisema ni bandari nzima, mwenyewe alimaanisha bando, lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Nilikaa pale nikiwa nimebana mkoba wangu, naona watu wanageuka kumtazama yeye. Miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia. Nikasema mimi natoa miti ya marehemu mume wangu, kenchi zote na nguzo zote zitoke kwangu, miti yote, hata ule uliopinda. Vigelegele nilivyopata siku hiyo vilisikika mpaka mtoni.

Mchungaji alinifuata nje baadaye. Alisema sadaka imepokelewa, lakini nibakize kidogo, nina nyumba, nina familia. Nikamjibu, Mchungaji, nimesema yote.

Miti ikakatwa. Ikawa imelazwa nyuma ya nyumba ikingoja trekta. Na wewe ukaja siku ya Alhamisi, nilikuwa naanika mihogo juu ya jiwe. Uliizunguka ile miti, ukaupiga mmoja kwa kisigino kusikiliza sauti yake. Kisha ukaja ukachuchumaa mbele yangu.

Ukaniomba kumi na miwili. Ukasema mmefika mahali udongo ni laini, hamna cha kuzuilia, na yule mzee wa Gorong'a mwenye shamba la miti atakuwa tayari kuwauzia wiki inayofuata. Ukipata utairudisha yote kanisani, mti kwa mti. Nikakwambia ile haikuwa miti tena, ni sadaka. Nikakwambia kama Gorong'a ipo, ngojeni ya Gorong'a. Ukasema wenzako hawatakubali kukaa wiki nzima bila kuingia, wameuona mwamba.

Na nikakwambia, Mungu anisamehe, kwamba Mama Gati akija akakuta imepungua atasema nini.

Ulinitazama. Ukasema polepole, bila hasira, "Kanisa litasubiri, Mama. Kule kuna watu ndani."

Sentensi hiyo naijua kwa moyo kuliko jina langu. Ningeipokea vile ulivyoisema, ningeinuka nikakusaidia kubeba. Badala yake nikafuta mikono kwenye kanga, nikakwambia usiende Gorong'a wala usiwangojeshe wenzako. Nitakuja mwenyewe kuliombea hilo duara.

"Maombi yangu hayaliwi na mchwa," nikasema.

Ukacheka. Ulikuwa na kicheko cha kuachia jambo, kama mtu anayefungua mkono. Ukasema, "Haya, Mama. Kama mmeshapatana wewe na Mungu, mimi ni nani."

Ulikunywa maziwa, ukaondoka. Sikukuona una kinyongo. Nilijiona nimeshinda.

Jumamosi nikaja. Niliomba vizuri siku hiyo, sijawahi kuomba vizuri vile. Nilishika udongo wa mdomo wa duara, nikauamuru usitikisike. Nikawaambia wewe na wenzako, ingieni kwa amani. Wewe ndiye uliyekuwa unauliza kuhusu matimba siku zote, na siku hiyo hukuuliza. Ulinishika mkono kunivusha kwenye tope, ukanipandisha kwenye pikipiki, ukamwambia dereva aangalie mashimo.

Jumatatu trekta ikaja ikachukua miti, ikaipeleka uwanja wa kanisa. Mchana mvua ikanyesha. Jumanne asubuhi mkaingia.

Marwa ameshanisimulia mara nyingi, na kila mara namwomba aanze upya. Anasema wewe ndiye uliyesikia kwanza. Punje ndogo ndogo zilikuwa zinadondoka kama mtu anapepeta ulezi. Ukawaita vijana wenzako, "Mura, tokeni," ukamsukuma yeye kwenye ngazi, ukamsukuma na yule mwingine. Ulikuwa wa tatu kwenye ngazi ya watu watatu. Walitoka wawili.

Kulikuwa na kitu kingine siku ile ambacho sijawahi kukiandika wala kukisema mpaka majuzi. Vijana walipoanza kukufukua, kuta zilikuwa zinaendelea kumomonyoka, wakawa wanahitaji miti haraka. Hakukuwa na mti popote. Wakakimbia uwanja wa kanisa, wakabeba mikaratusi ya baba yako begani, wawili wawili, wakaja nayo mbio. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wanawake pale juu. Niliiona inapita mbele yangu. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na nisingekuwa na mdomo wa kukataa. Iliingia ndani ya lile duara, ikashika kuta. Ilishika vizuri sana, Mwita. Walifanya kazi chini yake siku mbili na hakuna aliyeumia, mpaka Alhamisi wakakutoa.

Tulipomaliza kukuzika, ile miti ikarudishwa kanisani. Wakaiosha, wakapaua nayo.

Nilidhani huo ndio mwisho wa adhabu. Kumbe nilikuwa bado sijafanya kosa langu kubwa.

Watu walikuwa wanajiuliza. Mama Maombi ameliombea duara la mwanawe, limeanguka. Maombi yake yamekwenda wapi? Na mtu mmoja kwenye foleni ya maji akatoa jibu: Mwita alificha hirizi ndani ya duara, ndiyo maana maombi ya mama yake yakazuiwa. Neno likaenda bombani, likaenda mashineni kunakosagwa mawe, likarudi kanisani. Wewe, ambaye ulimfukuza mganga kwenye maturubai kwa maneno ya heshima mpaka yeye mwenyewe akakuaga.

Siku moja mwanamke wa kikundi chetu, simtaji, alinishika mkono akaniuliza kwa huruma kama ni kweli Mwita alikuwa na vitu vya namna hiyo. Pale nilikuwa na nafasi. Ningesema hapana, aliniomba miti nikamnyima. Ningesema mwanangu alitaka kungoja, mimi ndiye niliyemwambia asingoje. Nikaona sura yake, jinsi alivyokuwa bado ananiheshimu, jinsi alivyotaka niwe bado Mama Maombi. Nikasema, "Mungu ndiye anajua."

Maneno matatu. Kwa maneno hayo matatu nilichukua jina lako nikalifunika nalo langu.

Siku ya kufungua kanisa waliniweka kiti cha mbele. Walinivisha kitenge kipya, wakaniimbia, wakasema huyu mama amempoteza mwana lakini miti yake imesimama. Niliinua macho. Tatu kati ya zile kenchi zilikuwa na wekundu wa lile duara ambao maji hayakuutoa. Nilivaa kile kitenge nikarudi nacho nyumbani. Tangu siku hiyo kipo chini ya sanduku.

Na maombi yakakauka. Sijui nikuelezeje, wewe uliyenijua naomba mpaka uji unapoa. Kanisani wakiniambia Mama fungua kwa sala, nilifungua, maneno yalitoka, mengi, yamepangwa, na hakuna hata moja lililonipita kooni kwenda juu. Nyumbani ndiyo kabisa. Lakini kuna kitu kimoja nilichofanya ambacho nakuambia kwa sababu pengine utanicheka. Kila asubuhi niliendelea kwenda mlangoni pa zizi. Nasimama. Sisemi kitu. Sikuwa na la kusema, na niliogopa kwamba nikianza tu nitasikia ile sauti yangu ya kwenye mdomo wa duara. Basi nasimama mpaka ng'ombe wanaanza kulalamika, naingia nakamua. Miezi minane. Sikuruka hata siku moja, hata ile nilipokuwa na homa. Nilikuwa najiambia, kama Mungu ana haja na mimi, basi ajue mahali ninapopatikana.

Sasa nikuambie kuhusu mke wako.

Kaka zake walikuja kutoka Busawe kumchukua. Walikuja na heshima zao zote, wakakaa, wakala, wakasema dada yao bado kijana na nyumba hii imebaki bila mwanaume. Nilikuwa jikoni nikasikia. Robi akawaambia, "Nikiondoka, nani atabaki na Mama?" Walibembeleza, wakakasirika kidogo, wakaondoka. Mimi jikoni niliunguza ugali. Ningekuwa yeye nisingebaki. Na ningekuwa mtu mwema ningetoka pale pale nikamwambia nenda mwanangu, hujui unakaa na nani.

Unajua hakulelewa kanisani. Ulipomleta alikuwa anashika kitabu cha nyimbo kama mtu anayeshika sahani ya moto, na mimi, usiku na mchana, sikuacha kumsahihisha. Nilimwambia mara ngapi kwamba hajui kuomba, anamwomba Mungu kama anaomba chumvi kwa jirani. Yeye anacheka tu, anasema, Mama wewe omba, mimi nitasema amina.

Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye, ungo katikati. Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimeshika harage lililotobolewa, nalitazama, nikasikia mdomo wangu unasema, Robi, mume wako aliniomba miti. Nikamwambia yote. Alhamisi, mihogo, kumi na miwili, Gorong'a, Mama Gati, mchwa. Nilimwambia na yale maneno matatu. Sikulia. Nilikuwa nangoja ainuke anipige, au aingie ndani afunge nguo zake.

Aliendelea kuchambua kidogo. Kisha akasema, "Najua, Mama. Aliniambia siku ile ile jioni."

Nikamuuliza ulimwambia nini. Akasema ulirudi, ukakaa, ukamwambia Mama ameshaahidi mbele ya watu, usimwonyeshe kama tumesikitika.

Mwita, mwanangu. Usimwonyeshe.

Nilipopata pumzi nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Miezi yote ile, anasikia watu wanakuita mchawi bombani, anarudi na ndoo kichwani ananipakulia chakula, na anajua. Akasema hakutaka kuninyang'anya. Alitaka niseme mwenyewe. Halafu akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye ungo, "Nilikuwa nakuombea useme. Kila siku. Sijui kama naomba vizuri, lakini nilikuwa naomba."

Nilikuwa nasimama zizini sina neno, na yule niliyesema hajui kuomba alikuwa jikoni ananibeba. Mimi Mama Maombi, kumbe nilikuwa mgonjwa ninayetajwa kwenye maombi ya mtu mwingine.

Nilimwomba aombe pale pale, kwa sauti, nisikie. Aliona aibu. Akafumba macho, mikono bado ina vumbi la maharage, akasema kwa Kikurya chake cha Busawe: Mungu, huyu ni mama yangu, amechoka, msaidie, na mimi pia. Basi. Hata uji haungepata muda wa kupoa. Nikasema amina, na ile amina, Mwita, ilikuwa ya kwanza kutoka kwangu tangu tulipokuzika.

Jumapili iliyofuata wakati wa ushuhuda nilisimama. Mama Gati alikuwa mbele yangu na kilemba kipya. Nikasema Mwita hakuficha hirizi. Aliniomba miti ya kuzuilia duara, nikamnyima kwa sababu nilitaka mnione nimetoa yote. Alitaka kungoja, nikamwambia asingoje. Mliposema ni yeye, nikanyamaza. Nikaketi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji alisimama na Biblia yake kifuani. Kisha Mama Gati akainuka. Nikajua sasa nitasikia. Akazunguka benchi, akaja akakaa pembeni yangu, akasema chini chini, "Hata mimi nilikuja nyuma ya nyumba yako siku ile kuhesabu hiyo miti." Tukakaa vile mpaka mwisho wa ibada, wanawake wawili wazee, hakuna anayemshinda mwenzake.

Tangu Jumapili ile hakuna pikipiki iliyokuja kunichukua, isipokuwa moja. Ni ya kundi la vijana wapya wa upande wa chini. Nikawaambia sifungui mdomo mpaka nione matimba. Walinionyesha mti mmoja uliooza. Nikawageuza hapo hapo, wakaenda kutafuta mengine, wananung'unika kwamba Mama Maombi amekuwa mkaguzi. Walichukua siku nne. Waliporudi nikahakikisha kila gogo limekaa, nikaomba kidogo tu. Sikuamuru udongo. Niliomba warudi nyumbani kwa mama zao. Walirudi. Kesho sijui, na nitaomba tena.

Moyo haujapona, sitakudanganya. Nikiona kijana mrefu kwa mbali bado nanyoosha shingo. Bado nakusifu kwa watu wasioniuliza. Jana nilimwambia muuza mkaa kilo zako za kuzaliwa. Lakini nikisimama asubuhi sasa nina maneno, machache, na nahisi yanapokelewa. Naamini uliko hakuna udongo unaodondoka. Naamini tutaonana, na imani hiyo nimeipata kwa shida, siyo ile niliyokuwa naigawa bure juu ya pikipiki.

Nina ombi moja. Maisha yako yote wewe ndiye uliyenitangulia kwa salamu, ukiinama kama ulivyofunzwa, hata ulipokuwa na ndevu. Siku nitakapofika huko, ukiniona naja, usiseme kitu. Kaa tu hapo ulipo. Acha mimi mama yako nikufikie, niiname, nikwambie shikamoo, mwanangu, na ndipo nikuombe msamaha. Kama utaitika, nitajua.

Lala salama, Mwita wangu. Robi anakusalimu. Ameshajenga uzio wa miiba, mbuzi hawataingia tena.

Ni mimi,
Mama yako mzazi,
Nyamwaga.